Mtoto Mbichi

Juzi jirani yangu alikuwa anawekewa vigae sebuleni. Fundi alikaa uani na mashine yake ya kukatia, anamwaga maji kidogo, anakata, anamwaga tena, na harufu ya lile vumbi lililolowa ikapanda ukuta na kuniingilia dirishani. Nilikuwa nachambua mchele. Mikono ikasimama yenyewe. Ni harufu ambayo siwezi kumweleza mtu ambaye hajaishi mahali mawe yanapopondwa. Si ya udongo, si ya mvua. Ina ubaridi fulani unaokaa nyuma ya ulimi, kama umelamba kufuli. Nilikaa pale na ungo magotini mpaka fundi alipozima mashine, na muda wote huo nilikuwa Tarime, machimboni, mtoto mdogo asiye na meno ya mbele, na mama mdogo Nyangi alikuwa hai.

Nilizaliwa Natta, na kwetu dhahabu ilikuwa habari tu. Tulikuwa na mtama, na mbuzi, na nyumbu waliopita kwa msimu wao, na baba yangu alifanya kazi kwenye kambi ya watalii, akirudi nyumbani ananukia sabuni ya wageni. Dhahabu ilikuwa huko Tarime. Wenzangu wa rika langu mtakumbuka zama zile. Kijana aliaga kwamba anakwenda kutembea, na baada ya misimu kadhaa alirudi na redio ya kaseti begani, au hakurudi. Nyangi, mdogo wake mama, aliolewa huko huko na mchimbaji mmoja wa Kikurya aliyeitwa Marwa. Ndoa ilikaa, mtoto hakuja. Ndipo wakubwa wakaamua nipelekwe mimi.

Mama alinifungia nguo zangu kwenye kanga kuukuu, akaniambia, "Utakaa na mama mdogo. Mtoto akiwepo ndani ya nyumba, wenzake wanasikia, wanamfuata."

Nilimwelewa neno kwa neno. Nilielewa kwamba watoto ambao hawajazaliwa wako mahali fulani, si mbali sana, wametega masikio, na kwamba mimi natumwa kwenda kupiga kelele ya kutosha wasikie. Ilikuwa kazi, na nilijivunia kupewa.

Machimbo yalikuwa kama mji ulioanguka kutoka juu na bado haujaokotwa. Nyumba za turubai, nyumba za mabati, nyumba za majani, baa zenye muziki tangu asubuhi, na kati ya nyumba na nyumba, mashimo. Watu waliyaita maduara. Baba mdogo Marwa alishuka kwa kamba asubuhi na kutoka jioni akiwa rangi ya jiwe, macho tu ndiyo yake. Mawe yaliyopanda waligawana, na fungu lake lililetwa kwa mama mdogo, kwa kuwa kuponda ilikuwa kazi ya wanawake. Alikaa chini, miguu ameinyoosha, kinu cha chuma katikati ya mapaja, akitwanga kwa kipande cha nondo nene mpaka jiwe likawa unga. Wanawake wote walitwanga hivyo, kila mmoja mbele ya mlango wake, na mlio ule haukuwa kelele kwangu. Ulikuwa kama mapigo ya moyo wa kitu kikubwa kilicholala chini yetu. Mpaka leo nikipata homa huwa nausikia.

Vumbi lilimkaa mama mdogo mikononi, shingoni, kwenye kope, na jua likianza kushuka lilimeta. Niliamini anageuka dhahabu pole pole, kuanzia nje. Niliamini hiyo ndiyo sababu watu wazima walikuja huko. Alipooga jioni, maji yakateremka yakimetameta mpaka kwenye mfereji, nilimhurumia, kwamba kila siku anaanza upya.

Alikuwa mwembamba, mwenye mwanya, mwenye kucheka. Tulizungumza Kinata, lugha ya kwetu, tukiwa wawili, na Kiswahili baba mdogo akiwepo. Siku moja alinikuta nimesimama kwenye kona ya chumba, mikono nimeizungushia mdomo, naita kwa nguvu zangu zote kuelekea kwenye paa.

"Njooni! Njooni huku!"

"Wewe, unamwita nani?"

"Watoto. Mama alisema wanasikia."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha kicheko kikamwishia usoni, akanivuta, akaniweka kidevu chake utosini. "Basi ita," akasema. "Usichoke. Ita tu."

Mtu pekee aliyenitisha pale ni mama yake Marwa, Bibi Bhoke. Aliishi Itiryo, kwenye mashamba na ng'ombe, na alikuja kila alipopata gari. Alikuwa mrefu, masikio yake yametobolewa na kuvutwa mpaka ndewe zikaning'inia, na Kiswahili chake kilikuwa cha kukata kata kama mtu anayekata kuni. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikula ugali wa mama mdogo, akanawa, akasema mbele yake bila kupunguza sauti, "Mwaka huu Marwa ataoa. Nimeshaongea na watu."

Mama mdogo aliokota vyombo. Baba mdogo alitazama miguu yake. Mimi usiku ule niliita kwa kunong'ona, kwa haraka zaidi.

Na wakasikia. Hivyo ndivyo nilivyojua mimi.

Ilikuwa kwenye mvua. Mama mdogo alianza kupumzika kati ya pigo na pigo, nondo imeegemea bega, macho yamefumba. Alisinzia amekaa. Alinituma sokoni kununua udongo, ule wa vipande vilivyokaushwa kwa moshi, akawa anautafuna kama biskuti, na udongo ulipokwisha nilimwona akivunja kibonge kwenye ukuta wa nyumba ya jirani, pale mvua ilipolowesha, na kukitia mdomoni kwa aibu na raha. Midomo yake ikawa myeupe. Alisema kichwa chake ni chepesi, kama kinataka kwenda mahali bila yeye.

Tulikuwa tunaoga pamoja nyuma ya nyumba, ndani ya uzio wa magunia. Hapo ndipo nilipoona titi lake la kushoto. Lilikuwa limejaa upande mmoja, ngozi imevutika na kung'aa, wakati la kulia limelala vile vile siku zote.

"Mama mdogo, mbona moja kubwa?"

Akalifunika kwa kiganja. "Limeumwa na mdudu."

Sikumbishia. Nilikuwa nimechunga mbuzi. Nilijua mbuzi akikaribia kuzaa chuchu hujaa, wakati mwingine upande mmoja unatangulia, na hakuna mdudu. Nilitabasamu na maji usoni, nikaacha siri iwe yake.

Bibi Bhoke alipokuja tena, hakuhitaji kuambiwa. Alimkuta mkwewe amelala mchana, vumbi la udongo mdomoni. Alisimama mlangoni akamtazama kwa muda mrefu, kisha akanivuta nje kwa mkono.

"Analala hivi tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Na anakula udongo?"

"Sana."

Alifumba macho. Nilimwona kifua kikipanda na kushuka. Kisha alirudi Itiryo kwa gari lile lile lililomleta, na tulipodhani amekwenda moja kwa moja, alirudi na mfuko wa unga wa wimbi, kibuyu cha maziwa ya mgando, kuku wawili wamefungwa miguu, na kitanda chake cha kamba. Alihamia.

Siwezi kuwaelezea siku zilizofuata bila kuona kama naota. Mvua zilikuwa zimepungua, hewa imeoshwa, na nyumba yetu ya mabati ilijaa harufu ya uji wa wimbi na maziwa. Bibi alimpokonya mama mdogo ile nondo. "Ondoka hapo. Hii kazi sio ya mtu mwenye hali yako." Akakaa yeye, mwanamke wa makamo yale, akaponda mawe kwa hasira kana kwamba yamemtukana, na wanawake wa mlango wa jirani wakacheka kwa heshima. Mama mdogo alitandikiwa mkeka barazani. Baba mdogo akaanza kupiga mluzi. Alipiga mluzi akishuka shimoni mpaka giza likammeza na mluzi ukabaki unatoka peke yake ardhini, na mimi nilikaa ukingoni nikiusikiliza.

Jioni Bibi alimwosha mama mdogo miguu kwa maji ya moto. Alimsugua nyayo kwa jiwe la kukwangua, mmoja kisha mwingine. Mama mdogo aliangalia pembeni, machozi yakimtoka, na Bibi akasema, "Lia tu. Ni kawaida."

Mimi nililaza sikio kwenye tumbo lake. Nilisikia maji, nilisikia ngurumo ndogo, nilisikia mtu akisogeza samani mbali sana.

"Amesema nini?" akaniuliza.

"Anasema yuko njiani."

Alinishika kichwa nisimtazame usoni.

Kulikuwa na jambo jingine niliona, na sikujua nimeona nini. Kule nyuma kwenye magunia nilimkuta mama mdogo anafua vitambaa, na maji yakawa mekundu, akamwaga, akaweka mengine, nayo yakawa mekundu. "Nimejikata na jiwe," akasema. Nilimkagua mikono, nikamkagua magoti, sikuona kidonda. Niliona madoa tu kwenye mapaja, ya bluu na ya zambarau, kama ameegemea matunda. Nilihitimisha kwamba kuna mawe yanayokata kwa ndani.

Wanawake mnaosoma mmeshaelewa. Mimi nilielewa nilipokuwa msichana mkubwa, nikiwa natembea barabarani, na nilisimama katikati ya njia. Mama mdogo alijua. Katika nyumba ile yenye furaha, mtu pekee aliyejua kwamba hakuna mtoto ni yeye, maana damu yake haikukatika hata mara moja, bali iliongezeka. Nimejiuliza sana kwa nini hakusema. Sidhani alikuwa anadanganya. Nadhani tangu aondoke Natta hakuna mtu aliyekuwa amemwosha miguu, na alitaka maji yale yasipoe upesi.

Kisha jicho likaanza. Asubuhi moja kope la kushoto lilikuwa zito, na siku zilivyokwenda jicho lenyewe likasogea mbele, likatoka kidogo, kama linataka kunitazama mimi kwa karibu zaidi. Fizi zikavimba. Mluzi wa baba mdogo ukaisha. Mwanamke wa jirani alisema ni moshi wa zebaki, ile waliyochomea dhahabu mabatini. Mwingine akasema kuna watu wameona furaha ya nyumba hii na hawakuipenda. Bibi aliwasikiliza wote wawili, akafunga kanga yake kiunoni.

"Mimi nampeleka hospitali," akasema. "Mnaotaka kuongea, ongeeni."

Alitupeleka Mzee Athumani, mfanyabiashara Mwislamu wa Tarime mjini aliyeleta nguo na betri machimboni kwa pikapu yake. Mama mdogo alikaa mbele, sisi nyuma juu ya mizigo, na njia nzima Mzee Athumani alikwepa mashimo kama mtu aliyebeba mayai. Bibi alinishika mkono. Aliniambia nisiogope, hospitali wangemtoa huo uchafu wa titi, na mtoto angepata maziwa safi.

Hospitalini walisema titi lina jipu. Walimwingiza chumbani, pazia likafungwa, nasi tukabaki kwenye benchi la ukumbini pamoja na baba mdogo, aliyekuwa ametufuata kwa lori. Ukuta ulipakwa rangi mbili, na nilikuwa nafuatilia mpaka wa rangi hizo kwa kidole daktari alipotoka. Alikuwa kijana, amevaa miwani. Mkononi alikuwa na chupa ndogo yenye kizibo.

"Mama," akamwambia Bibi, "tulidhani ni jipu. Sio jipu. Hakuna usaha hata tone. Ni nyama, na nyama yenyewe ni hii."

Alitushushia chupa tuone. Ndani kulikuwa na kipande kisichozidi punje ya hindi, na kilikuwa cha kijani. Si kijani cha jani, kijani cha parachichi pale nyama inapokutana na ganda.

"Sijawahi kuona hii kwa macho," akasema daktari. "Na imeshaanza kufifia tangu niitoe. Itakwenda Mwanza, na mgonjwa naye aende. Leo, ikiwezekana."

"Na mtoto?" Bibi akauliza.

"Mtoto gani?"

"Wa tumboni."

Daktari aligeuka kumtazama nesi aliyesimama mlangoni. Nesi akatikisa kichwa. "Hakuna mtoto tumboni, mama," daktari akasema taratibu. "Tumempima. Mgonjwa anatokwa na damu nyingi, na mwilini imebaki kidogo sana."

Baba mdogo aliinama akashika magoti. Bibi hakusogea. Nilihisi mkono wake ukibana wangu mpaka mifupa ikasagana. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hapa karibu sukari inauzwa wapi? Hajanywa uji tangu asubuhi."

Mimi nilikuwa bado naitazama chupa. Nilikuwa nimeelewa kila kitu. Tumboni hakuna mtoto, kwa sababu wamemtoa. Wamemtoa mapema mno. Ndizi ikikatwa mapema ni ya kijani, embe likichumwa mapema ni la kijani. Mtoto wetu alikuwa bado mbichi. Na anafifia, alisema daktari, maana hakuwahi kuiva.

Sikulia. Ilionekana jambo la kueleweka.

Mama mdogo na baba mdogo walikwenda Mwanza, kwenye hospitali kubwa. Bibi alinichukua Itiryo nyumbani kwake. Kule hakukuwa na mlio wa kuponda, na ukimya ulinisumbua masikio. Kulikuwa na ng'ombe, na ukungu wa asubuhi unaokaa mabondeni kama maziwa kwenye bakuli, na Bibi aliyekwenda shambani, akarudi, akapika, akaenda tena kwenye barabara kusimama tu. Kila siku alikoroga uji wa wimbi mwingi kuliko tulivyoweza kunywa wawili.

Walirudi jioni moja wakati ng'ombe wanaingia zizini. Mama mdogo alikuwa ametiwa damu ya watu wengine, na midomo yake ilikuwa na rangi tena. Nywele zilikuwa zimeanguka. Jicho lilikuwa limerudi ndani kidogo. Nilimwona mzuri kama kichanga. Alipolazwa, baba mdogo alikuja kukaa jikoni na mama yake, nami nilikuwa nyuma ya mlango.

"Mura, sema," Bibi akamwambia mwanawe, jinsi Wakurya wanavyomwita kijana wa kiume.

"Ni saratani ya damu."

"Damu inapataje uvimbe?"

"Na mimi nilimuuliza daktari hivyo hivyo. Anasema kwa kawaida ugonjwa huu unakaa ndani ya mifupa, kwenye uboho, hauonekani. Wa kwake umetoka nje. Umejenga titini, umejenga nyuma ya jicho. Anasema wagonjwa kama yeye ni wachache, na ukiona uvimbe kwanza unapoteza muda na majipu na macho, huku ugonjwa wenyewe uko kwenye damu."

"Dawa?"

"Wamempa ile waliyokuwa nayo. Imemchosha, imerudisha jicho. Wakasema nyingine hawana, na aliyonayo haitamaliza."

Nilisikia Bibi akisukuma kuni ndani ya moto.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na mimba ya mwanangu wa kwanza, nilimweleza daktari wa kliniki habari hii, maana nilikuwa naogopa kila nilipogusa matiti yangu. Alikuwa mama mtu mzima, akaweka kalamu chini akanisikiliza. Akaniambia ndiyo, ugonjwa huo upo, seli za damu zilizoharibika zinaweza kutoka kwenye uboho na kujikusanya popote, kwenye ngozi, kwenye fizi, kwenye titi, kwenye tundu la jicho, mara nyingine kabla damu yenyewe haijaonyesha kitu. Akaniambia na ile rangi ya kijani ni kweli, inatokana na kemikali iliyomo ndani ya seli hizo, na inafifia ikikutana na hewa. Nilimuuliza kama ni ile zebaki, au vumbi. Akasema hawezi kuniambia jambo asilolijua. Nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa mengine yote.

Lakini wakati ule, Itiryo, nilikuwa na maelezo yangu na yalinitosha.

Kulikuwa na siku za jua laini, na mama mdogo alilala kwenye ngozi ya ng'ombe mbele ya nyumba, kanga imefunika kichwa chake kisicho na nywele. Bibi alikuwa anampaka samli miguuni. Mimi nilikuwa napanga vijumba vya magunzi kando yao. Nzi walikuwa wachache. Ndama mmoja alikuwa anakohoa.

"Mama," mama mdogo akasema.

"Mm."

"Hapakuwa na mtoto."

Mkono wa Bibi uliendelea kwenda na kurudi kwenye ugoko.

"Nilijua tangu mwanzo. Siku zangu nilikuwa naziona, tena zaidi ya kawaida. Wewe ulipofurahi, ulipokuja na kitanda chako, nikashindwa kusema. Kila asubuhi nilisema nitasema."

"Lete mguu wa pili."

"Mama, umenisikia?"

"Nimekusikia. Lete mguu."

Mama mdogo akausogeza. Bibi akachota samli kwa vidole viwili, akaipasha joto viganjani, akaanza na kisigino.

Nilishindwa kuvumilia. Watu wazima wawili walikuwa wanakosea mbele yangu. "Alikuwepo," nikasema. "Mimi nilimwona."

Wote wawili wakageuka.

"Nilimwona hospitali, kwenye chupa. Alikuwa wa kijani. Walimtoa kabla hajaiva, ndiyo maana."

Bibi akafuta samli viganjani. Akaangalia kule zizini. Mama mdogo alinitazama kwa lile jicho zima na lile lililotoka, muda mrefu, na sura yake ikafunguka kama mtu aliyeletewa habari kutoka kwao.

"Ulimwona?"

"Ndiyo."

"Alikuwaje?"

"Mdogo," nikasema. Nilitafuta la kuongeza. "Alikuwa anang'aa."

"Haya," akasema mama mdogo, akalaza kichwa. "Haya basi." Akanyoosha mkono wake akanishika sikio, akalivuta kidogo, jinsi alivyozoea kunivuta tukiwa machimboni, na hakuliachia mpaka usingizi ulipomchukua. Bibi aliendelea kupaka samli kwenye mguu ambao ulikuwa umeshapakwa.

Alikufa asubuhi, wakati Bibi anamnywesha uji. Nilikuwa nimetumwa kuleta kikombe kingine, na niliporudi Bibi alikuwa amekaa na kijiko hewani, anangoja ameze. Alingoja muda mrefu. Kisha akala yeye ule uji uliokuwa kwenye kijiko, akafuta mdomo wa mama mdogo kwa ncha ya kanga, na ndipo akapiga yowe ambalo bonde zima lililisikia.

Mama na baba walifika kutoka Natta. Watu wa machimboni walikuja kwa lori, vumbi bado nyweleni, na Mzee Athumani alikuja amevaa kanzu na kukaa nyuma kabisa. Kaburi lilichimbwa ndani ya boma, upande wa migomba. Baba mdogo Marwa, ambaye kuchimba ndiyo ilikuwa kazi yake, hakuruhusiwa kushika jembe. Alisimama tu, mikono yake haijui pa kukaa.

Mzee mmoja wa ukoo ndiye aliyekuwa anaongoza. Jeneza liliposhuka, akaita watu waje kutupa udongo, kwa mpangilio wao.

"Mume wa marehemu."

Baba mdogo akainama, akatupa, akakaa pembeni.

"Watoto wa..." Mzee akasita. Alikuwa ameanza kwa mazoea. Watu waliangalia chini. Nyuma mtu alikohoa. Nilikuwa nimeshasikia, katika siku zile za matanga, wanaume wakinong'ona kuhusu mwanamke aliyekufa bila kuacha mtu, na wakinyamaza Bibi akipita. "Tuendelee," mzee akasema. "Ndugu wa marehemu."

"Bado," Bibi Bhoke akasema.

Alitoka kwenye kundi la wanawake, mrefu, ndewe zikining'inia, akaja moja kwa moja tulipokuwa. Hakunitazama mimi. Alimtazama mama yangu. Hawakuwa na lugha moja ambayo wote wawili waliijua vizuri. Mama alikuwa amenishika mkono. Nilihisi vidole vyake vikilegea, kimoja kimoja, mpaka mkono wangu ukabaki huru.

Bibi akaniweka kiganja mgongoni, akanisukuma.

"Nenda," akasema. "Mbele."

Nilitembea kati ya miguu ya watu. Mzee aliyekuwa anaongoza alisimama kwenye njia yangu, ukingoni, akaniangalia kutoka juu.

"Huyu wa nani?"

"Wa Nyangi," Bibi akajibu nyuma yangu, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu. "Wa Nyangi na Marwa."

Yule mzee akasogea, akanipisha.